Blashyrkh ni wapi? Tuifumbue At the Heart of Winter ya Immortal

Ukichukua ramani ya Norway ukaipekua kutoka kusini mpaka kaskazini huikuti Blashyrkh, ukihamia kwenye hadithi za kale za Odin na Thor nako haimo, lakini litaje tu hilo jina mbele ya mshabiki wa muziki wa black metal uone atakavyochangamka. Ni nchi ya kubuni. Nchi ya baridi, giza, milima na kunguru, iliyotoka vichwani mwa vijana wa Bergen waliokuwa na bendi inaitwa Immortal, na wameiimba kwa zaidi ya miaka 20 utadhani wamezaliwa huko. Wengi wanaoanza kuwasikiliza wanakwama hapa hapa: hii Blashyrkh ni dini? Ni ushetani? Ni mambo ya Viking? Au ni utani tu wa watu wazima waliojipaka rangi usoni?

Jibu fupi: dini hapana, ushetani hapana, Viking kwa mbali sana, utani upo kidogo na tutaufikia. Jibu refu linapitia albamu moja, At the Heart of Winter ya mwaka 1999, kwa sababu mimi naona hivi: Blashyrkh ilikuwepo kwenye maneno tangu 1995, ila masikio yetu yaliiona 1999, na yaliiona kwa sababu jamaa aliyeiandika mikono yake iligoma kupiga gita.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa hii miziki, tuanze chini kabisa. Metal ni mtoto wa roki, magita ya umeme yaliyochafuliwa sauti makusudi, na ina matawi mengi. Jina black metal limetoka kwa Waingereza wa Newcastle, Venom, walioipa albamu yao jina hilo mwaka 1982, halafu akaja Msweden Quorthon na bendi yake ya Bathory akaifanya iwe chafu zaidi na ya kutisha zaidi. Wanorway wakaidaka mwanzoni mwa miaka ya 90 na wao ndo walioipa sura tunayoijua leo: waya wa gita unakwaruzwa haraka haraka bila kupumzika mpaka noti moja haitengani na nyingine, dramu zinakimbizwa kwa spidi ambayo mguu wa kucheza hauwezi kuifuata, muimbaji haimbi bali anakoroma na kupiga ukelele, na usoni kuna rangi nyeupe na nyeusi kama ya maiti.

Alafu kuna ile sehemu ya magazetini. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft pale Bergen lilichomwa moto, yakafuata mengine, na Agosti 1993 Euronymous wa bendi ya Mayhem akauawa Oslo na Varg Vikernes wa Burzum, naye mwanamuziki wa black metal, aliyekuja kufungwa miaka 21. Immortal walikuwa mji mmoja na Vikernes, tena walishapita bendi moja ya zamani inaitwa Old Funeral, lakini kwenye hizo kesi hawamo. Wenzao walikuwa bize na Shetani, wao walikuwa bize na theluji. Ukilielewa hili umeshaielewa nusu ya Blashyrkh, maana ilikuwa njia ya kuwa na ulimwengu wa giza bila kuhitaji adui wa kumchukia, hakuna Mkristo wa kupambana naye humo, hakuna hata Yesu wa kumtukana.

Wahusika ni wachache. Abbath, jina la nyumbani Olve Eikemo, sauti na besi. Demonaz, yaani Harald Nævdal, gita na karibu maneno yote. Dramu zilipita mikono kadhaa, mpaka ikafika mahali Abbath mwenyewe akazipiga kwenye Pure Holocaust ya 1993 na Battles in the North ya 1995, ndipo 1996 akaja Horgh na kiti kikatulia. Albamu tatu za kwanza wamerekodi Grieghallen, ambalo ni jengo la orkesta ya mji, lenye jina la Edvard Grieg, mtunzi mkubwa kuliko wote Norway. Yaani mule mule wanamovaa suti kusikiliza fidla ndo mlimorekodiwa kelele hizi, fundi mitambo akiwa Pytten, mtu ambaye sauti ya black metal ya Norway inamdai shukrani nyingi.

Sasa kichekesho. Bergen si mji wa theluji kihivyo, Bergen ni mji wa mvua. Uko pwani ya magharibi, maji ya bahari yanaupa joto kuliko unavyotegemea kwa mji ulio kaskazini namna ile, na mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, zaidi ya milimita 2,000 kwa ujumla. Theluji ya uhakika iko juu. Mji umezungukwa na milima ambayo wenyeji wanaihesabu saba, Ulriken ndo mrefu wao, mita 643, kwa hiyo kijana wa pale anaishi chini kwenye matope na mwavuli, akiinua macho anaona kweupe. Hata video yao ya kwanza, ya wimbo wa The Call of the Wintermoon, wimbo wa mwezi wa majira ya baridi kabisa, wamekimbizana kwenye msitu wa kijani, theluji huioni, na ndo maana watu wamecheka nayo mtandaoni miaka na miaka. Mimi sioni kama ni aibu. Nchi ya ndoto huwa inatengenezwa na kitu unachokiona kila siku ila huishi ndani yake.

Na kuhusu giza, sisi tuliozoea jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima inabidi tujilazimishe kidogo kulielewa. Mwishoni mwa Desemba pale Bergen jua linachomoza karibu saa nne kasorobo asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Huko juu Tromsø halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Mtu wa huko akiandika kuhusu usiku usioisha anatia chumvi, sawa, lakini chumvi yenyewe si nyingi.

Demonaz hakuamka siku moja akaichora nchi nzima. Albamu ya kwanza, Diabolical Fullmoon Mysticism ya 1992, bado ina ile harufu ya mapepo ya kawaida ya black metal, ila mwezi na baridi vimeshaingia. Kwenye Pure Holocaust dhoruba na barafu zimeshika hatamu. Battles in the North ndo jina linapotoka mdomoni, wimbo wa kufunga unaitwa Blashyrkh (Mighty Ravendark), na kuanzia hapo kila kilichoandikwa, hata pasipotajwa jina, unakisoma kama kinatokea huko.

Ukiuliza sasa kuna nini humo, utakuta vitu vichache mno. Hakuna orodha ya wafalme wala historia ya vita yenye tarehe, ukija na akili ya kutafuta ramani na koo utaondoka mikono mitupu. Kuna milima, ukungu, upepo, mwezi, mapango ya barafu, kunguru, majeshi yasiyo na sura, na huyo Ravendark anayetajwa kwa heshima ya mwenye enzi. Kinachonishika mimi ni kilichokosekana. Watu hawapo. Hakuna kijiji, hakuna moshi wa jiko, hakuna mpenzi aliyeachwa, hakuna mtoto anayetetemeka kwa baridi. Anayesema "mimi" kwenye zile nyimbo si msafiri aliyepotea kwenye theluji, ni mtu ambaye ameshakubali kuwa sehemu ya baridi, na wakati mwingine unahisi ni baridi yenyewe inajisemea.

Hapa ndo wengi wanachanganya na hadithi za kale za Nordiki, na kuchanganya kunaeleweka. Snorri Sturluson, Mwaislandi aliyekiandika kitabu chake cha hadithi hizo, Edda, mnamo 1220, ametuachia Niflheim, ulimwengu wa ukungu na baridi uliokuwepo kabla ya dunia, ametuachia majitu ya barafu, kunguru wawili wa Odin wanaoruka duniani kote na kumrudishia habari, na ametuachia Fimbulvetr, majira matatu ya baridi yanayofuatana bila kiangazi katikati, yanayotangulia vita vya mwisho vya miungu. (Wapo wataalamu wanaohisi hiyo Fimbulvetr ni kumbukumbu ya mwaka 536, pale vumbi la volkano lilipofifisha jua na mavuno yakaharibika, ila hiyo ni nadharia.) Ukiyaweka hayo kando ya Blashyrkh unaona Demonaz amechukua vifaa akaacha hadithi. Odin hayumo, Thor hayumo. Na kubwa zaidi, kwa Snorri baridi ni dalili, inakuja kwa sababu mambo yameharibika, alafu baada ya vita dunia inainuka tena kutoka baharini ikiwa ya kijani. Blashyrkh haina kijani mwishoni. Baridi haikuja kumwadhibu mtu na wala haitaondoka, ipo tu, na ndo inaabudiwa kama kuna kitu kinaabudiwa.

Tatizo ni kwamba mpaka 1997 hayo yote ulikuwa unayasoma zaidi kuliko kuyasikia. Battles in the North ina nyimbo 10 kwa kama dakika 35, Blizzard Beasts ya 1997 ina 9 na haifiki hata dakika 29, kila kitu kinakwenda mbio na dramu zinafunika magita. Ni mvua kubwa juu ya bati, unajua kwamba inanyesha na inanyesha kweli kweli, ila huko nje huoni kitu. Mimi nazipenda, nisieleweke vibaya, dhoruba ukiwa ndani yake hivyo ndivyo ilivyo. Lakini nchi yenye milima inahitaji umbali, inahitaji mahali pa kusimama utazame. Kwenye Blizzard Beasts kuna wimbo mmoja tu ulioonyesha njia, Mountains of Might, zaidi ya dakika sita, umepunguza mwendo, na ukiusikiliza leo unashangaa kwanini hawakuendelea hivyo mapema.

Hawakuendelea kwa sababu hawakulazimika. 1997 wakalazimika. Demonaz alipata uvimbe mkali wa kano za mikono, ugonjwa wa watu wanaorudia mkao mmoja kwa nguvu na kwa spidi kwa miaka, na upigaji wa black metal ni huo huo tu kutwa nzima. Hawezi tena kupiga kwa kasi ile. Bendi nyingi zingemtafuta mpiga gita mwingine zikasonga, au zingevunjika. Hawa wakafanya kitu cha ajabu kidogo: Demonaz akabaki kama mwandishi wa maneno na meneja, yaani mtu wa bendi asiyepiga chochote, na Abbath akashika gita, na besi, na kinanda, na sauti, Horgh akabaki na dramu. Albamu nzima ni watu wawili studio na wa tatu kwenye karatasi.

Abbath akiwa na gita ni mtu mwingine kabisa. Anapenda metal ya zamani, ile yenye midundo ya gita unayoweza kuiimba kwa mdomo ukiwa unaosha vyombo, na hana haja ya kuthibitisha spidi. Wakavuka mpaka kwenda Sweden, Abyss, studio ya Peter Tägtgren wa bendi ya Hypocrisy karibu na Ludvika, ambaye alikuwa anajulikana kwa kuzifanya bendi kali zisikike safi. Kwa mara ya kwanza Immortal ikawa na nafasi katikati ya vyombo, gita huku, dramu pale, besi unaisikia, na ukimya unaruhusiwa kupita. Namba zinaeleza vizuri: nyimbo 6, kama dakika 46. Ukilinganisha na ile ya 1997, nyimbo zimepungua tatu na muda umeongezeka zaidi ya robo saa.

Sikiliza wimbo wenye jina la albamu, wa tano, dakika nane hivi. Unaanza na kinanda na gita safi lisilo na mkwaruzo, taratibu, kwa huzuni fulani ya kutulia, na wanakaa hapo muda mrefu mpaka unaanza kujiuliza kama umebonyeza albamu sahihi. Gita zito linapoingia halikimbii, linatembea, na kila mzunguko unaongeza uzito, kwa hiyo unapata kile ambacho albamu za nyuma hazikuwahi kukupa, hisia kwamba kitu ni kikubwa na kipo mbali na unakiendea kwa miguu. Solarfall, wa pili, unakupa somo lile lile kwa njia nyingine: una mwendo na unasukuma, alafu katikati unafunguka, gita safi, kama dhoruba imepumua, kisha unarudi ulikotoka. Withstand the Fall of Time ndo mlango, dakika nane na nusu, na ndo ningempa mtu wa metal ya kawaida anayedai black metal ni kelele tupu. Tragedies Blows at Horizon ni mrefu kuliko yote, karibu dakika tisa, na Kiingereza cha jina lake kimekaa upande, hakuna aliyejali kukinyoosha na wala mimi sijali. Where Dark and Light Don't Differ kwangu ndo dhaifu kidogo, unapita bila kuacha alama. Years of Silent Sorrow unafunga bila haraka.

Na sauti. Abbath hapigi ukelele mwembamba kama wengi wa enzi zake, anakoroma kwa chini, kavu, maneno yanatoka moja moja. Kwenye albamu za mbio hiyo sauti ilikuwa inazama. Hapa imekaa mbele na ghafla unaelewa kunguru wanaotajwa tangu 1995 wamekuwa na mdomo.

Hata kava limebadilika, na hili watu hulipita haraka. Kabla ya hapo Immortal walijiweka wenyewe kwenye kava, rangi usoni, mikono imejaa miba ya chuma, Battles in the North wamesimama kwenye weupe wa theluji. At the Heart of Winter hawapo. Kuna mchoro wa J.P. Fournier, ngome juu ya miamba, bluu na barafu tupu. Bendi imejiondoa kwenye picha ikaacha mahali, jambo ambalo maneno ya Demonaz yalikuwa yanalifanya muda mrefu.

Wapo waliokasirika, na wapo mpaka leo. Hoja yao ni kwamba hii si black metal tena, ni metal ya zamani iliyovaa theluji, studio imelainisha mno, ule ukatili umekwenda. Kuhusu midundo ya gita wana haki, ukivua sauti na maneno kuna sehemu zingeingia kwenye rekodi ya thrash, tawi jingine la metal, ya miaka ya 80 bila mtu kushtuka. Ila wanapokosea ni kudhani ukatili ndo ulikuwa lengo. Lengo lilikuwa baridi, na baridi ya kweli haina haraka, mtu yeyote aliyewahi kulala Lushoto au Limuru mwezi wa Julai bila blanketi la kutosha anajua haikupigi, inakusubiri.

Utani niliahidi. Ni kweli Abbath jukwaani anatembea upande upande kama kaa, anatema moto, anakunja uso, na picha zao porini zimegeuzwa vichekesho vya mtandaoni kuliko bendi yoyote ya aina yao. Nadhani hilo limewasaidia kuliko kuwadhuru. Bendi iliyotaka kuogopwa kwa makosa ya jinai ikishachekwa imekwisha, bendi iliyobuni nchi ya theluji ikichekwa bado ina nchi yake, na mtu aliyekuja kucheka mara nyingi anabaki kusikiliza.

Baada ya 1999 zikaja Damned in Black mwaka 2000 na Sons of Northern Darkness 2002, ambayo imeuchukua mwendo huu ikauongezea misuli, kisha wakatengana 2003, wakarudiana, wakapiga tamasha la Wacken kule Ujerumani 2007 (rekodi ya shoo hiyo ikapewa jina The Seventh Date of Blashyrkh), na 2009 wakatoa All Shall Fall. Demonaz muda wote huo bado yuko kwenye karatasi.

Mwaka 2015 ndo likaibuka swali ambalo sikuwahi kufikiria nchi ya kubuni ingeulizwa: ni ya nani? Wakagombana kuhusu haki ya jina la bendi, Abbath akaondoka na kuanzisha bendi yenye jina lake, Demonaz na Horgh wakabaki na Immortal. Abbath akitumbuiza anapiga nyimbo za zamani, na zikitoka kwenye koo lile unaziamini. Lakini Demonaz alifanyiwa upasuaji, akarudi kwenye gita, na 2018 ikatoka Northern Chaos Gods, anapiga na kuimba mwenyewe, Horgh dramu, na aliyepiga besi ni Peter Tägtgren yule yule. Wimbo wa mwisho una zaidi ya dakika tisa na unaitwa Mighty Ravendark. Hiyo ndo hati ya kiwanja. Ilipotoka War Against All mwaka 2023 hata Horgh hayupo tena, kabaki mwandishi peke yake na watu wa kumsaidia.

Anayetaka kuingia sasa hivi namshauri aanze na Mountains of Might, kisha At the Heart of Winter yote kwa mpangilio wake bila kurukaruka, kisha Mighty Ravendark ya 2018 asikie Demonaz anavyoipiga ile milima kwa mikono yake mwenyewe. Battles in the North iwekwe ya mwisho, na volyumu ianzie chini, maana ile rekodi haina huruma na hedifoni za mtu.